MREJESHO: Bajaji ya maboksi imeingia barabarani

Wadau, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza nimtengenezee nini mwanangu wa miaka sita kwa Halloween (sikukuu ya Oktoba 31 ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kuomba pipi nyumba kwa nyumba) huku Minneapolis, Marekani, maana mavazi ya dukani ni bei na yanachanika upesi. Aliyeniambia "mfanye bajaji", ubarikiwe sana.

Nilitumia boksi moja kubwa, sahani za karatasi kwa magurudumu, tochi mbili ndogo kwa taa, na mikanda ya begi bovu ili lining'inie mabegani. Nyuma nikaandika USINIONEE WIVU. Wazungu walidhani ni jina la mtoto.

Ushauri wa kupima boksi akiwa na koti ndani ndio ulioniokoa. Jioni ya Oktoba 31 hapa baridi haina utani. Wenyeji bado wanasimulia theluji ya 1991 iliyoanza siku hiyohiyo. Kosa langu ni rangi ya maji. Manyunyu kidogo tu, bluu yote ikahamia kwenye suruali. Mwakani napaka ya mafuta.

Pipi alijaza foronya nusu. Nyingine nimezificha, msiniulize wapi.

Na lile boga la kuchonga sura, pambo la Halloween? Nilijaribu kulipika futari kwa tui la nazi badala ya kulichonga. Halikufaa: majimaji, nyuzinyuzi, ladha hakuna. Nunueni yale madogo matamu. Ila mbegu zake nilizikaanga na chumvi, tukazitafuna uani huku tukifagia majani mekundu ambayo mtoto aliyarukia na kuyatawanya upya.