Tupeane uzoefu: nani alikushika mkono kwenye biashara, na alikuonyesha kitu gani hasa?

Mwanzisha uzi

Habari zenu, wanawake wenzangu wa biashara. Kila anayeanza huambiwa "tafuta mtu akushauri", halafu anaachwa hapo hapo. Haambiwi amtafute wapi, amwulize nini, wala atajuaje kama ushauri anaopewa una tija. Naomba tuandike yaliyotupata wenyewe: nani alikushika mkono, alikuonyesha kitu gani kilichobadilisha hesabu zako, na kama ni kikundi, mnakiendeshaje. Si lazima iwe habari ya mafanikio makubwa. Ila ukiandika, taja jambo lenyewe, usiishie kwenye "alinitia moyo".

Naanza mimi. Nauza vifaa vya maandishi: madaftari, kalamu, bahasha, karatasi za kuchapishia. Nilipofungua nilikuwa nachukua mzigo kwa muuzaji wa jumla mmoja, yule niliyeelekezwa mwanzoni. Mama mmoja mwenye duka la siku nyingi alikuja kununua bahasha, akaniuliza mzigo nautoa wapi. Nikamtajia. Akasema, "Huyo naye ananunua kwa mtu. Kesho funga mapema, twende." Tukaenda. Alinipitisha nyuma ya maduka yale ya mbele mpaka kwenye stoo isiyo hata na kibao, akamwambia mwenye mali, "Huyu ni mwanangu, mpe bei unayonipa mimi." Katoni zilikuwa zile zile, chapa ile ile, bei ya chini zaidi. Kabla sijalipa akainamisha katoni moja na kunionyesha sehemu ya chini: karatasi ikishapata unyevu, rimu inavimba pembeni na mteja wa kuchapisha atairudisha. Tangu siku hiyo sipokei mzigo bila kugeuza katoni.

Baadaye nilisoma utafiti uliofanyika Dandora, Nairobi, uliochapishwa mwaka 2018, nikaelewa thamani ya kitu nilichopewa. Wanawake wenye biashara changa waligawanywa: wengine wakapewa darasa la biashara, wengine wakakutanishwa na mwanamke mzoefu anayefanya biashara eneo lile lile. Waliokaa darasani, faida yao haikupanda. Waliokutanishwa na wazoefu, faida ilipanda kwa wastani wa asilimia 20, na sababu kubwa ilikuwa kwamba walielekezwa kwa wauzaji wa bei nafuu zaidi. Darasa halijui stoo iko wapi. Jirani anajua.

Karibuni.

Fundi cherehani

Asante kwa uzi huu, dada. Mimi naandika nikiwa upande wa mlezi. Nina kibanda cha ushonaji na wamepita mabinti kwangu waliojifunza kisha wakafungua vya kwao.

Mtu akija kuniomba ushauri, siulizi ndoto zake kwanza. Namwambia alete nguo moja aliyoshona kwa ajili ya kuuza, tuikalie chini. Binti mmoja alileta gauni lenye bitana na zipu ya mgongoni. Nikampa karatasi, nikamwambia aandike kila kilichoingia humo. Akaandika kitambaa na zipu, akaweka kalamu chini. Nikaligeuza gauni ndani nje. Bitana je? Akaandika. Kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola? Akaandika. Uzi, vifungo, sindano zinazovunjika, umeme wa pasi, mafuta ya cherehani, mfuko aliomfungia mteja. Kodi ya kibanda tukaigawa kwa nguo anazomaliza kwa mwezi. Mwisho nikamuuliza: na saa zako mwenyewe? Akakaa kimya. Tulipojumlisha ikaonekana bei yake inalipa vifaa vyote na kumwachia kitu kidogo mno kwa mtu anayeinamia mashine tangu asubuhi.

Hakukimbilia kupandisha bei ya kila nguo, na mimi sikumshauri hivyo. Alitafuta kazi za sare na mapazia, ambazo unakata vitambaa vingi kwa pamoja na kushona mshono ule ule mfululizo, saa zikapungua kwa kila kipande. Gauni za bitana akaziacha kwa wateja wanaokubali bei yake kamili.

Walezi wenzangu, hapo pa kalamu ndipo pagumu. Unaliona jibu na mdomo unawasha. Ukimfanyia hesabu, ataondoka na bei ya gauni moja tu. Mwache aandike, hata kama anachelewa.

Mtengeneza sabuni

Kwetu mlezi ni kikundi chenyewe. Tuko ishirini na kitu, tunakutana kila wiki, tunaweka na kukopeshana. Mtindo wenyewe wengi mnaujua: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hakuna anayelifungua peke yake, na fedha zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Vikundi vya namna hii vilianza kusambazwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, vikiwa vya wanawake, na leo viko nchi nyingi sana. Mwisho wa mzunguko tunagawana akiba pamoja na faida ya mikopo, kisha tunaanza upya.

Lakini nilichokuja kuandika si sanduku. Likishafungwa, hatuondoki. Kila mkutano mwanachama mmoja anaweka jambo lake la biashara katikati, na kanuni yetu ni moja: mzunguko wa kwanza ni maswali tu. Hakuna kushauri mpaka kila mtu ameuliza. Mwanzoni ilikuwa kazi, maana sisi wanawake tukisikia tatizo la mwenzetu tunataka kulitibu papo hapo. Ila maswali ndiyo yanayotoa jambo lenyewe.

Mwenzetu mmoja alisema sabuni yake haiuzwi. Tukaanza kuuliza. Unatengeneza mara ngapi? Ikiisha inaisha baada ya muda gani? Wanaochukua ni nani? Kumbe inauzwa vizuri tu, ila karibu nusu inaondoka kwa mkopo, kwa majirani na ndugu wa mume, na anaona aibu kudai. Kama tungekimbilia kushauri, tungemwambia abadilishe harufu au vifungashio.

Tulichofanya: tuliandika karatasi ya kubandika dukani, "Mikopo inaidhinishwa na kikundi." Na ni kweli, tulikubaliana hivyo. Mtu akitaka kukopa anajibiwa, "Ngoja niwaulize wenzangu." Lawama zikahama kutoka kwake zikaja kwetu sote, na sisi tunaweza kuzibeba. Madeni ya zamani alikwenda kudai akiwa na mwenzake mmoja, kwa upole, daftari mkononi. Si yote yaliyolipwa. Yaliyolipwa yalitosha kununua malighafi bila kukopa.

Mwenye saluni

Mimi nitasema tofauti kidogo. Kikundi kinaweza kukuumiza pia. Tulichukua mkopo wa kudhaminiana kutoka taasisi moja, mwenzetu akahama usiku, tukalipa sisi. Fedha zilirudi baada ya muda, ila watu hawakurudiana. Wale tuliokuwa tukipeana wateja na kuazimana vifaa, sasa tunasalimiana kwa mbali.

Ushauri wangu: watu unaoshauriana nao na watu unaodhaminiana nao wasiwe lazima wale wale. Kwenye dhamana unamwangalia mwenzako kwa jicho la "atalipa au hatalipa", na aliyekwama anaficha. Kwenye ushauri unamtaka afunguke kabla mambo hayajaharibika.

Mwanzisha uzi

Dada wa saluni, pole sana, na asante kwa kuliandika wazi. Hilo nalichukua. Nadhani hata kwa wanaokopeshana akiba yao wenyewe, kama kikundi cha dada wa sabuni, mazungumzo ya biashara yafanyike sanduku likishafungwa, kama wanavyofanya.

Mchomelea vyuma

Nasoma huku nikiwaza, wengi wenu mlielekezwa na wanawake wenzenu. Mimi karakana nzima nilikuwa mwanamke peke yangu, na aliyenilea ni fundi mwanaume wa umri wa baba yangu. Bila yeye nisingejua nondo nzuri inanunuliwa wapi wala namna ya kumpigia mteja hesabu ya geti kwa mita. Alinipeleka kwa wateja wake na kuwaambia, "Kazi hii ataifanya yeye, mimi nitaikagua." Hiyo sentensi ndiyo iliyonifungulia mlango.

Uganda walifanya uchunguzi kwa mafundi na wafanyabiashara wa Katwe, Kampala. Wanawake walioingia kwenye kazi zinazohesabiwa za wanaume walikuwa wakipata karibu mara tatu ya wanawake waliobaki kwenye kazi zilizozoeleka za wanawake. Na walioweza kuvuka, wengi walikuwa na mwanaume aliyewaingiza: baba, ndugu, mume, au fundi aliyewaamini. Wengine walikuwa hata hawajui kwamba upande wa pili kuna kipato kikubwa hivyo. Kwa hiyo tusifunge mlango kwa walezi wanaume.

Mipaka ni muhimu lakini, na tuliiweka mapema. Tunaongea karakanani, saa za kazi, mlango wazi. Mke wake ananifahamu na namwita mama. Mwanaume anayetaka kukushauri biashara usiku, mahali pasipo na biashara, huyo hana ushauri.

Mtengeneza mikoba

Na vipi kuhusu rafiki wa kawaida tu, asiyejua zaidi yako? Nauliza kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwangu. Tulianza wawili, mimi mikoba, yeye mashuka ya kutarizi. Hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake. Ila kila Jumapili jioni tulikuwa tunaonyeshana madaftari ya mauzo, na kujua tu kwamba atalifungua langu kulinifanya niandike.

India, mjini Ahmedabad, benki ya wanawake ya SEWA ilishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2016. Wateja wake walipewa mafunzo ya biashara ya siku mbili, na baadhi yao wakaambiwa waje na rafiki. Mafunzo yalikuwa yale yale. Walioalikwa pamoja na rafiki ndio waliochukua mikopo zaidi na kuitumia kwenye biashara, na baada ya miezi minne kipato cha nyumbani kwao kilikuwa juu zaidi. Faida ilionekana zaidi kwa wanawake wanaotoka kwenye jamii zinazowabana kutembea na kufanya kazi. Mimi hilo halinishangazi hata kidogo. Kuaga nyumbani ukiwa na mwenzako ni tofauti na kuaga peke yako.

Naanza tu

Shikamoni dada zangu. Nimesoma yote. Nataka kuanza kuuza nguo za watoto. Kuna mama anauza za watu wazima, biashara yake imesimama vizuri, natamani anielekeze, lakini naogopa ataniona mshindani, au atasema nampotezea muda. Nianzeje?

Fundi cherehani

Marahaba mwanangu. Umechagua vizuri: yuko kwenye nguo lakini wateja wenu si wale wale, kwa hiyo hana cha kuogopa kwako. Usiende kumwambia "naomba uwe mshauri wangu". Hilo ni ombi kubwa lisilo na mwisho, na mtu mwenye duka hawezi kulijibu amesimama. Nenda saa ambayo wateja ni wachache, nunua hata kitu kimoja kama unaweza, kisha uliza swali moja linalojibika. Kwa mfano, "Mama, mzigo usiotoka unaufanyaje?" Akikujibu, kalifanyie kazi, halafu rudi umwambie ilivyokuwa. Hapo kwenye kurudi ndipo wengi wanapopotea. Wakubwa wengi hawachoki kuulizwa. Wanachoka kushauri mtu asiyerudi.

Na beba daftari. Hata kama lina kurasa mbili.

Mhasibu wa wadogo

Naongeza tahadhari moja kwa huyu binti na wengine. Mlezi wa kweli hahitaji kushika fedha zako, hahitaji kusaini akaunti yako, na hakulazimishi kununua mzigo kwake tu. Akitaka sehemu ya biashara, hayo ni mazungumzo mengine: huyo ni mbia, na ubia unaandikwa. Msichanganye hayo mawili kwa sababu ya heshima. Nimeona watu wakishindwa kusema hapana kwa mtu waliyemzoea kumwita mama.

Mtengeneza sabuni

Narudi kwenye ule utafiti wa Dandora aliouleta mwenye uzi, kuna upande wake ambao hatujaugusa. Ile faida ilipungua kadiri watu walivyoacha kukutana. Mlezi ana biashara yake, anaugua, anahama, anachoka. Mwenye nguo za watoto, ukimpata huyo mama, mshukuru, na hapo hapo anza kutafuta wawili watatu walio hatua yako ili mbebane.

Sisi tumeiweka kwenye katiba ya kikundi: anayemaliza mzunguko wake wa kwanza wa akiba anakabidhiwa mwanachama mmoja mpya. Kazi yake ni kumpeleka anakonunua malighafi, kumtambulisha kwa jina, na kukagua naye daftari kabla ya kila mkutano. Asipofanya, faini ni ile ile ya kuchelewa. Wengine walilalamika tulipoipitisha, sasa wanagombania nani apewe mgeni anayekuja.