Naomba ushauri: nukuu za makala zangu za tabia za wanyama na za tiba zimegawanyika

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mtafiti hapa Dodoma. Kwa miaka kadhaa nimeandika makala kuhusu tabia za mbuzi wanaochungwa Kongwa na Mpwapwa, na nyingine, nikishirikiana na madaktari, kuhusu ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, ambao humpata pia binadamu anayekunywa maziwa mabichi au kumzalisha mnyama mgonjwa.

Makala za tiba hunukuliwa mara nyingi, ilhali za tabia, ambazo ndizo zilizonigharimu jua na vumbi, hunukuliwa kwa nadra. Isitoshe, mwanzoni nilikuwa nikiandika majina yangu kwa mpangilio tofauti tofauti, kwa hiyo Google Scholar imenichanganya na mtu mwingine, huku Scopus ikinionyesha kama watu wawili (zote mbili ni hifadhidata za mtandaoni zinazoorodhesha makala za kitaaluma na kuhesabu mara zilizonukuliwa). Kipimo cha h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, humpa mtafiti alama 10 iwapo makala zake 10 zimenukuliwa angalau mara 10 kila moja. Wasifu ukigawanyika, alama huweza kushuka, nami naomba kupandishwa cheo hivi karibuni.

Nimeshapata namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha mtafiti, yenye tarakimu 16. Je, nianze kwa kuiomba Scopus iunganishe wasifu wangu, au niondoe kwanza makala zisizo zangu kwenye Google Scholar? Na aliyewahi kuketi kwenye kamati ya kupandisha vyeo anieleze: inafaa kuwasilisha nukuu za fani hizi mbili kando kando, au nitaonekana natafuta visingizio?