Bills walipanda drafti bila mrushaji, walipompata mrushaji wakashuka. Tumechoka!

Wakuu, kila mwezi wa nne ukikaribia naona povu lile lile: "Bills tupande, tukachukue risiva." Nikilisoma nacheka kwa uchungu, maana tulishapanda. Tulipanda kweli kweli mwaka 2014, na hasara yake tuliila miaka. Sina shida na kupanda wala kushuka. Shida yangu ni kwamba hii timu ina kipaji cha kufanya kila jambo kwa wakati usio wake, halafu sisi mashabiki tunaambiwa tuamini mchakato.

(Wale wa Simba na Yanga mliopotea njia mkaingia humu: NFL ni ligi ya mpira wa Kimarekani, na Bills ndiyo timu yetu ya Buffalo. Mrushaji ndiye anayerusha mpira, risiva ndiye anayeudaka, tachidauni ndilo bao. Vijana wa vyuo hawagombaniwi sokoni, wanagawanywa kwa drafti. Timu zinapanga foleni, iliyovurunda zaidi inatangulia kuchagua, na kila mzunguko wa foleni ni raundi. Nafasi ya foleni inauzika. Ukitaka kusogea mbele, yaani kupanda, unalipa kwa nafasi zako nyingine, za mwaka huu au za mwakani. Haya, tuendelee.)

2014 tulikuwa nafasi ya 9. Meneja mkuu Doug Whaley akawapa Cleveland hiyo 9, juu yake raundi ya kwanza ya 2015, juu yake tena raundi ya nne ya 2015. Tukasogea mpaka ya 4, tukamchukua risiva Sammy Watkins wa chuo cha Clemson. Raundi za kwanza mbili kwa risiva mmoja! Na wa kumrushia mpira alikuwa nani? EJ Manuel, ambaye baada ya mechi nne za msimu ule aliwekwa benchi. Akaingia Kyle Orton, na msimu ulipoisha Orton akastaafu, akaenda zake. Wazee walishasema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Sisi tulikata, tena ya hariri.

Kinachoniuma zaidi ni drafti yenyewe. Marisiva mwaka ule walijaa tele. Mike Evans alitoka nafasi ya 7. Odell Beckham Jr. alitoka ya 12, yaani ungekaa pale pale kwenye 9 yako, bila kulipa hata senti, angekukuta umekaa. Davante Adams alisubiri mpaka ya 53, raundi ya pili! Beckham msimu wake wa kwanza alicheza mechi 12 akapiga yadi 1,305 na tachidauni 12. Evans akavuka yadi 1,000 misimu 11 mfululizo. Na aliyechaguliwa wa 5, mara tu baada yetu? Khalil Mack, kijana aliyecheza mpira wa chuo hapa hapa, University at Buffalo. Raiders wakambeba, 2016 akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Mtoto wa nyumbani tumempita mlangoni.

Watkins mwenyewe simchukii. Yadi 982 mwaka wa kwanza, 1,047 mwaka wa pili, si haba. Kisha mguu ukamgomea, na Agosti 2017 akauzwa Rams. Baadaye akaja kuvaa pete ya Super Bowl, yaani fainali kuu ya ligi, mnajua akiwa na nani? Kansas City. Lishikeni hilo jina.

Najua kuna mkuu atakuja na Julio Jones. Njoo tu. Atlanta 2011 walitoa nafasi tano, raundi za kwanza mbili zikiwemo, kutoka ya 27 hadi ya 6, na muuzaji alikuwa Cleveland huyo huyo (ambaye malipo yote mawili aliyatapanya, lakini huo ni msiba wa watu wengine). Sasa tazama tofauti. Atlanta walikuwa na Matt Ryan tangu 2008 na walikuwa wametoka kushinda mechi 13 kati ya 16. Mrushaji yupo, timu ipo, kimebaki kitu kimoja. Hapo ukipanda mimi nakupigia makofi. Julio 2015 alifikisha yadi 1,871. Sisi tulinunua bidhaa ile ile, sokoni kule kule, tukiwa hatuna hata mtu wa kuitumia.

Basi Mungu si Athumani, 2018 tukampata mrushaji Josh Allen. Mkono ule sina haja ya kuwasimulia. Mwaka 2024 ukafika. Stefon Diggs tumemuuza Houston mwanzoni mwa Aprili. Gabe Davis kaenda Jacksonville. Chumba cha marisiva kitupu. Tuko nafasi ya 28, na mfukoni tuna raundi za pili mbili za 2025, yetu na ile iliyotokana na Diggs. Kama kuna siku katika historia ya klabu hii ya kupanda kumfuata risiva, ilikuwa siku ile. Meneja mkuu Brandon Beane akafanya nini? AKASHUKA.

Usiku ule tulikuwa kwa kinyozi, huku West Side: Wakongo, Warundi na sisi wachache wa Kigoma. Kuna jamaa alikuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado. Saa ya Bills inahesabu kwenye TV, watu wametulia, mara nembo yetu ikaondoka ikaja ya Chiefs, ndio hao Kansas City. Kinyozi akazima mashine. Mzee mmoja wa Bujumbura, mtu asiyefuatilia kivile, akauliza kwa upole: "Hawa si ndio wanaotutoaga kila mwaka?" Hakuna aliyemjibu.

Ndio hao, mzee. Walishatutoa Januari 2021, wakatutoa Januari 2022 kwa zile sekunde 13 za mwisho walizotusawazishia, wakatutoa Januari 2024, yaani miezi mitatu tu kabla ya usiku ule. Na sisi tunawauzia nafasi wakachukue Xavier Worthy, kijana aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21, rekodi ya majaribio ya NFL. Tena si mara ya kwanza! 2017, kabla Beane hajafika, tuliwauzia nafasi ya 10 wakamchukua mrushaji mmoja anaitwa Patrick Mahomes. Mteja yule yule, duka lile lile.

Tulipata nini kwa kushuka? 32, 95 na 221. Hiyo 221 tukamchukua Mwingereza wa raga ambaye hakuwahi kucheza mchezo huu. Sitanii. Halafu hata 32 hawakuitumia, wakawauzia Carolina wakashuka tena nafasi moja, 33. Wasiojua watasema nafasi moja ni nini. Mchezaji wa raundi ya kwanza, timu ina haki ya kumwongezea mwaka wa tano kwenye mkataba wake wa mwanzo; wa raundi ya pili hana kipengele hicho. 32 ndiyo ya mwisho ya raundi ya kwanza. Mwaka mzima wa mchezaji tumeutupa.

Kwenye 33 tukamchukua Keon Coleman. Kwenye 34 Chargers wakafanya kile tulichopaswa kufanya sisi: wana mrushaji Justin Herbert, hawana risiva, wakapanda kutoka 37 wakambeba Ladd McConkey. Msimu wa kwanza McConkey yadi 1,149, Coleman 556. Coleman aliumia mkono akakosa mechi kadhaa, sawa, lakini mkuu, hata ukimjazia hizo mechi hesabu haifiki.

Januari 2025, fainali ya AFC (upande wetu wa ligi), pale pale Arrowhead, uwanja wa Chiefs. Worthy kadaka mara 6, yadi 85 na tachidauni, pamoja na ule mpira waliogombania na beki wetu Cole Bishop waamuzi wakampa yeye. Tumefungwa 32-29. Pointi tatu, wakuu.

Wapo watakaonijibu kwamba raundi ya pili tuliyoipata Rams kwa Watkins ilitumika kupanda kumchukua Allen, kwa hiyo 2014 haikuwa hasara tupu. Ni kweli, iliingia kwenye lile fungu tulilowapa Tampa Bay. Lakini hiyo ni bahati ya 2018, msimpe Whaley sifa za 2014. Na bado hainijibu swali nililoletea uzi huu: timu 31 zina simu, nafasi ya 28 ingeweza kuuzwa kwa yeyote, kwa nini Kansas City?