Naombeni msaada: wasifu wa baba yetu aliyepigana Vita vya Kagera

Mwana_wa_Iramba:
Wakuu habari zenu. Tumempoteza mzee wetu juzi hapa Singida, tunazika Jumamosi nyumbani kijijini, na kikao cha familia kimenipa mimi kazi ya kuandika na kusoma wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, wajukuu nimeshaweka. Kinachonisumbua ni vita. Mzee alikuwa mgambo, akachukuliwa mwishoni mwa 1978 Amin alipoingia Kagera, akarudi 1981, na maisha yake yote hakuwahi kutukalisha akatuhadithia. Nina vipande tu, alitaja Kyaka, alitaja Masaka, na kuna kamanda alikuwa anamwita Mti Mkavu, akilitaja hilo jina anakaa vizuri kwenye kiti. Bimkubwa naye ukimuuliza anasema aliondoka akaacha jembe, akarudi akalishika, basi.

Sisi tulimjua kama mtu wa kazi. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye alizeti, kiangazi anafyatua tofali na kuchoma, nyumba nyingi za bati pale kijijini tofali ni za mkono wake. Jana tumefungua sanduku lake tukakuta kauntabuku, ada za watoto wote zimeandikwa humo na mbele ya kila ada kaandika kilichouzwa: "mbuzi wawili", "tofali tripu moja", "alizeti debe 6", na kwa mdogo wetu wa kike aliyeenda chuo cha ualimu kaandika "baiskeli". Ile Phoenix yake wakuu! Tuliambiwa imeenda kwa fundi, tukakua tukasahau. Nimelia sana. Sasa niwekeje haya yote kwenye wasifu wa dakika kumi, vita niiguse au niiache?

chuma_cha_reli:
Pole sana mkuu, poleni familia nzima. Mimi ningesoma hiyo kauntabuku kama ilivyo, usiipambe. Vita weka aya moja tu, kwamba aliitwa akaenda akarudi salama, maana wazee wengine wa pale walienda pamoja naye wanajua zaidi yako na ukikosea watagunana msibani. Halafu kumbuka alirudi wakati gani, Mwalimu ametuambia tufunge mkanda miezi 18 na mkanda ukaendelea kufungwa miaka, sabuni foleni, sukari foleni, nguo hakuna, na mzee wako kwenye hali hiyo kasomesha watoto kwa tofali. Hapo ndipo pa kukazia.

binti_missenyi:
Pole kaka yangu. Samahani chuma_cha_reli lakini kwa hilo la aya moja nakataa. Mimi kwetu ni Missenyi, hapo hapo Kyaka. Askari wa Amin walipovuka Oktoba 1978 waliua watu, wakabeba ng'ombe, mabati, mpaka mashine za kiwanda cha sukari, halafu wakalipua daraja la mto Kagera. Bibi yangu alikimbia kwa miguu na watoto mgongoni na mkononi, na alivyorudi alikuta ukuta tu. Alirudi kwa sababu walikuja watu kama baba yako, kutoka Singida, Iringa, Mtwara, watu ambao mgomba wenyewe walikuwa hawajauzoea. Bibi mpaka anafariki mgambo akipita anampa ndizi hamdai hela. Wenzake wengine wamelala pale Kaboya, Muleba, kila Julai 25 wanakumbukwa. Huyu wenu alibaki akarudi kulima, naye atajwe kwa sauti. Mwandikie vizuri, na useme watu wa Kagera wanashukuru.

mzee_wa_207:
Kijana wangu pole. Mimi nilikuwepo. Mti Mkavu ni Silas Mayunga, aliongoza brigedi ya 206, na tulipoingia Uganda brigedi yake ilielekea Mbarara wakati sisi wengine tumeelekea Masaka, miji yote miwili ikaangukia mikononi mwetu Februari 1979. Kwa hiyo baba yako kama alikuwa kwa Mti Mkavu na anaitaja Masaka, huenda alihamishwa au alipita baadaye, lakini hilo usiliandike kwa kubahatisha. Andika alichosema kwa mdomo wake: Kyaka, Masaka, Mti Mkavu. Kesho asubuhi mtu mmoja aende kwa mshauri wa mgambo wa wilaya na vyeti vyake kama vipo, awape taarifa, waseme wanaweza kufanya nini.

La kunyamaza lisikuumize. Mimi mwenyewe wanangu sijawaambia mengi. Baada ya Masaka tuliingia Lukaya, barabara moja, kinamasi kushoto kinamasi kulia, usiku, Walibya wamekuja kumsaidia Amin, mabomu yanapita juu. Umemshika mwenzako mkono asubuhi jioni hayupo. Utamwambia nini mtoto anayekuomba hela ya daftari? Unamtafutia hela ya daftari. Baba yako alifanya hivyo, na nimesoma hapo juu hiyo ya baiskeli nikainuka nikatoka nje kidogo.

Mwana_wa_Iramba:
Shikamoo mzee. Asanteni sana wote, nimesoma kila neno nikawasomea na ndugu zangu hapa sebuleni. Tumekubaliana hivi: vita nitaandika kwa maneno yake yale matatu na shukrani ya binti_missenyi itasomwa, dada ubarikiwe sana. Kauntabuku sitaisoma mimi, ataisoma mdogo wetu mwalimu, ukurasa wake mwenyewe, ameomba yeye. Shemeji anaenda kwa mshauri wa mgambo asubuhi, cheti kimoja tumekipata kimekunjwa ndani ya Biblia.

Mzee nimekutumia namba inbox. Nimemsomea bimkubwa hayo ya Lukaya, akauliza huyo mzee anapatikana kwenye simu. Ukipata nafasi jioni hii piga, anasubiri.