Kuzunguka mdomo wa Longonot kwa siku moja tukitokea Mombasa: naomba ushauri

BintiKisauni
Wanajamvi hamjambo. Tuko sita, wa Kisauni na Tudor, tunataka mwisho wa mwezi wa kwanza tukapande Longonot, mlima wa volkano kule karibu na Naivasha, na tuuzunguke mdomo wake wote. Watano hatujawahi kupanda mlima, matembezi yetu ni ufuoni jioni. Wawili wamepita hamsini na mmoja wao magoti yanamlia. Naomba kujua njia ina ugumu gani hasa, maji kiasi gani, viatu gani, na kile kibanda cha kupumzikia kilichopo njiani kabla ya ukingo kina nini. Na je, tukipanda treni ya usiku tukaanza mlima asubuhi yake, inawezekana? Sisi wa usawa wa bahari tutapumua kweli huko?

MzeeRamani
Dadangu, tuanze na hesabu. Geti la hifadhi hadi ukingo wa kreta, yaani huo mdomo wa volkano, ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo ni 7.2. Kurudi getini 3.1 tena. Jumla 13.4. Geti liko kama mita 2,150 juu ya bahari na Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa, ni mita 2,776. Ukitoa utaona mita mia sita na ushei, ukadhani ni kazi ndogo. Lakini ukingo haukulala sawa, ni kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi, na migongo hiyo mtaihesabu kwa mapaja.

Kundi kama lenu likadirie saa moja na nusu hadi mbili kufika ukingoni, tatu hadi nne kuzunguka, na saa moja kushuka. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Muwe mmeshaanza kutembea kabla ya saa moja. Mkianza saa nne, jua la saa saba litawakuta juu ya ukingo, na huko kivuli ni cha kutafuta kwa tochi.

Kuhusu kupumua: kileleni mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 72 ya ule wa ufuoni. Mtahema, na kichwa kinaweza kuuma kidogo. Dawa ni mwendo: tembeeni kwa kasi ambayo mtu anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Akianza kujibu kwa neno mojamoja, punguzeni.

BakoraMbili
Kibanda msikitarajie makubwa. Ni paa na mahali pa kukaa, basi. Hakuna maji, hakuna duka, hakuna chai. Kazi yake kwenu ni moja: kufanya uamuzi.

Kaeni dakika kumi, si nusu saa (misuli ikipoa, mwinuko wa mwisho kabla ya ukingo utawatesa). Kila mtu aangalie chupa zake. Kisha mkifika ukingoni tazameni saa. Ikiwa mmetumia zaidi ya saa mbili kutoka getini, au kuna mtu ameshamaliza lita moja na nusu, asizunguke. Apumzike, atazame kreta na msitu ulioko chini yake, halafu ashuke na mwenzake. Nasisitiza kwa sababu mzunguko hauna njia ya mkato. Ndani ya kreta hampiti. Ukichoka kwenye kilomita 3.6, kurudi na kuendelea ni sawasawa, na hakuna bodaboda ya kumwita.

Mwenye magoti: kupanda hakutamuumiza sana, kushuka ndiko kutakakomuumiza. Atafute fimbo mbili. Zile za dukani zinazorefuka ni nzuri, lakini mipini miwili ya fagio iliyokatwa na kuvishwa raba chini inafanya kazi hiyohiyo. Urefu: ukishika, kiwiko kikunjike kama herufi L. Wakati wa kushuka ziwe ndefu kidogo, kama upana wa vidole vinne.

FundiSoli
Viatu. Ardhi ya pale ni majivu ya volkano, laini kama unga, na mvua imechimba mifereji ambayo mahali pengine inafika kiunoni. Raba za mtaani zenye soli iliyolala zitawaangusha, si wakati wa kupanda, bali wakati wa kushuka, mguu umeshachoka na vumbi kavu juu ya ardhi ngumu linabiringika kama mtama. Mnahitaji soli yenye meno. Buti si lazima. Kiatu kipya kabisa kiacheni dukani, au kivaliwe wiki tatu kwanza.

Kosa kubwa ni kamba. Watu hufunga vilevile kupanda na kushuka, kisha kesho yake kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Kabla ya kuanza kushuka, kaa chini, fungua, kisha fanya hivi: kila upande, pitisha kamba kwenye tundu la juu kabisa bila kuvuka upande wa pili, ili ubaki na kitanzi kidogo. Gonga kisigino chini mara mbili, kikae nyuma ya kiatu. Sasa chukua kamba ya kushoto uipitishe kwenye kitanzi cha kulia, na ya kulia kwenye cha kushoto. Vuta zote kuelekea nyuma, si juu, halafu funga. Mguu hautateleza mbele tena. Na kucha zikatwe siku tatu kabla, si usiku wa safari.

Soksi ndefu, suruali iingizwe ndani ya soksi. Mtacheka, lakini majivu yakiingia kiatuni ni msasa.

MamaTende
Maji lita tatu kila mtu, bila mjadala. Sita mara tatu ni lita kumi na nane, na mlimani hapapatikani tone. Gawanyeni kwenye chupa za lita moja badala ya dumu, ili kila mmoja ajue alipofika. Lita moja kati ya hizo tieni pakiti ya chumvichumvi ya duka la dawa, ile ya watoto wa kuharisha. Jasho la milima kavu hukauka kabla hujaliona, na mtu wa pwani aliyezoea kulowa hudhani hatoki jasho.

Chakula: tende, njugu za chumvi, mayai ya kuchemsha, kashata. Mahamri yaleni getini, baada ya hapo yanakuwa makavu na yanamaliza maji yenu. Viazi karai vibaki Mombasa.

Leso moja kila mtu, hata wanaume. Shingoni kwa jua, puani kwa vumbi.

MwanaWundanyi
Hivi kwa nini mwende hadi Bonde la Ufa? Taita iko mlangoni kwenu. Mnashuka Voi, mnapitia Mwatate hadi Wundanyi, na mlima Vuria ni mita 2,208. Baridi, kijani, kivuli. Msitu wa Ngangao una ndege wasiopatikana kwingine duniani.

MzeeRamani
Ndugu yangu, Taita ni kuzuri, na kwa mazoezi ningewapeleka huko kwanza. Lakini wameuliza mzunguko wa siku moja ambao ukianza unarudia palepale na njia inaonekana wazi. Kwa hilo Longonot haina mpinzani.

Mazoezi ya karibu zaidi: maporomoko ya Sheldrick, Shimba Hills. Unashuka na askari wa mbuga, halafu unapanda kurudi na joto lote lile. Pia maji yakipwa, msitembee pale penye mchanga mgumu. Pandeni juu penye mchanga mkavu unaozama, dakika arobaini, mara tatu kwa wiki. Hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na majivu mtakachopata Mombasa.

RelikuuMiritini
Treni ya usiku inatoka Miritini, Mombasa, saa nne na inawashusha Syokimau, Nairobi, alfajiri. Kupanda siku hiyohiyo kunawezekana, ila ni ujinga: hamjalala, na miili bado iko usawa wa bahari. Pandeni ya saa mbili asubuhi, mfike Nairobi mchana, kisha matatu ya Naivasha inayopita Mai Mahiu. Mwambie kondakta kabisa kwamba unapita njia ya chini, kwa sababu zile za njia ya juu hazifiki Longonot. Laleni Naivasha, au kwenye kambi iliyopo getini mkiwa na hema. Usiku mmoja kwenye mita elfu mbili utawasaidia mapafu.

Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, pesa taslimu hawachukui. Lipeni kabla ya kufika, na vitambulisho visibaki hotelini, la sivyo bei ya mwananchi mtaisikia tu.

BintiKisauni
Ahsanteni sana. Mawili yamebaki. Buibui langu litanisumbua? Na swala? Halafu tukifika ukingoni tuzunguke kuanzia upande gani?

MamaTende
Mwanangu, buibui refu litakanyagwa kwenye ile mifereji. Vaa dera fupi la kufika magotini juu ya suruali pana, na mtandio uliobanwa, kwa sababu ukingoni upepo una nguvu. Adhuhuri mtaiswali mkishashuka. Kibla kutoka kule ni kaskazini, ikipinda mashariki kidogo. Maji ya kunywa msiyatawadhie mkapungukiwa.

BakoraMbili
Muulizeni askari getini kilele kiko mkono gani, halafu anzeni na huo. Mwinuko mkali mnaumaliza miguu ikiwa mipya. Mkiuacha mwisho mtaukuta juani, maji yakiwa yamebaki robo. Askari huyohuyo mwombeni namba ya simu ya zamu na mmwachie idadi yenu. Chini kule kuna nyati, kwa hiyo mtu asiache njia peke yake kwenda haja kwenye vichaka vya leleshwa. Nendeni wawiliwawili, mkiongea kwa sauti.