Vifuko vya chai vya kujitengenezea: karatasi ya kahawa, vifuko vitupu, kitambaa au wavu?

JaniRefu
Wakuu, salamu. Naomba tulinganishe jambo moja na waliokwisha kulifanya kwa mikono yao.

Nakunywa chai ya majani, yale marefu yaliyosokotwa, na sina mpango wa kurudi kwenye vifuko vya kiwandani. Nyumbani sina shida, birika lipo na chujio lipo. Shida ni kazini: sinki ni ya wote, pa kumwaga machicha hakuna, na kifaa pekee kilichopo ni birika la umeme. Nataka niwe najaza vifuko mwenyewe mwishoni mwa wiki, asubuhi naondoka navyo.

Njia ninazoziona ni nne. Kukata karatasi za kuchujia kahawa na kuzikunja. Kutumia vifuko vitupu vya karatasi, vile vyenye mdomo wazi wa kukunja. Kushona vya kitambaa, vya kufua na kurudia. Na vile vya wavu laini vinavyong'aa. Ipi inaiachia chai ladha yake, na ipi haichoshi? Nawasilisha.

Ungo
Mkuu, anza na jani kabla ya kifuko. Vifuko vya kiwandani ni vidogo kwa sababu vinajazwa chai ya chembe na vumbi, ile inayotoka kwenye mashine za CTC, zinazoponda, kurarua na kusokota jani, au inayobaki chini ya chekeche. Chembe ndogo zinaachia rangi upesi na hazihitaji nafasi. Jani lako refu likilowa linafura mara kadhaa. Litie kwenye kifuko cha ukubwa ule uone: linajaa, linabana, maji yanazunguka nje tu. Pasua hicho kifuko baada ya dakika tano, utakuta majani ya katikati bado yamejikunja kama yalivyoingia.

Kwa hiyo kwa njia zako zote nne, cha kwanza kuangalia ni nafasi. Chai kavu isizidi theluthi ya kifuko. Kwa chai iliyoviringwa kama vidonge, na oolong nyingi (chai iliyo kati ya ya kijani na nyeusi) ziko hivyo, hata robo ni nyingi.

FundiMshono
Niongelee kitambaa, ndicho ninachokijua. Hiki kina historia: Roberta Lawson na Mary McLaren wa Milwaukee, Marekani, waliomba hataza ya kifuko cha chai mwaka 1901, wakapewa 1903, na chao kilikuwa cha pamba iliyofumwa wazi. Walitaka kikombe kimoja kipya bila kupika birika zima, haja ileile ya mleta mada.

Uchaguzi wa kitambaa ndio unaoamua kila kitu. Shashi ina matundu makubwa, inafaa jani zima tu. Chembe zitapita zote. Marikani ni nzito, maji yanapita kwa taabu na chai inachelewa kukolea. Bafta nyepesi au melimeli ndiyo saizi yake. Kichemshe kitambaa kipya kabla ya kukata, maana kinakuja na wanga wa kukikazia, na kitapungua kidogo. Mimi nakata vinavyotoka sm 8 kwa sm 10. Shona mara mbili, mshono wa pili uzifunike ncha za nyuzi za mshono wa kwanza, la sivyo nyuzi zitakuwa zinaelea kikombeni. Uzi uwe wa pamba. Pindo la juu liache njia ya kamba.

Kufua: kigeuze ndani nje, suuza kabla machicha hayajakauka, kisha chemsha kwa maji matupu. Sabuni yenye manukato inakaa kwenye nyuzi na kesho yake utainywa. Ule wekundu wa chai hautoki na hauna neno. Kifuko cha mnanaa kibaki cha mnanaa, harufu yake haitoki.

JaniRefu
Dada FundiMshono, shukrani sana. Swali: nikishakunywa kazini, kifuko kilicholowa nakiweka wapi mpaka jioni?

FundiMshono
Kwenye kikopo chenye mfuniko, na ukifika nyumbani kitoe usiku huohuo. Kikilala humo kimelowa kitaota ukungu, na kikishaota kitupe. Nikwambie ukweli, kwa mazingira yako ya kazini mimi mwenyewe sikushauri kitambaa.

Mkunjo
Karatasi ya kahawa inafanya kazi, ila si ndugu wa karatasi ya chai kama wengi wanavyodhani. Karatasi ya vifuko vya chai ni nyepesi mno, gramu 12 hadi 17 kwa mita ya mraba, na mara nyingi ina nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba wenye nyuzi ndefu ambazo hazichaniki zikilowa. Ya kahawa ni nene mara kadhaa. Chai itatoka, lakini iongezee dakika moja au mbili, na uichezeshe kidogo kikombeni. Ile ya kahawia isiyopaushwa huwa na ladha ya karatasi ukitumia chai nyepesi. Kwenye chai nyeusi iliyokolea huisikii.

Kukunja kwenyewe ni hivi. Chukua zile karatasi za duara, zinyooshe, kata mstatili wa sm 16 kwa sm 12. Kutanisha kingo mbili ndefu, zikunje pamoja mara mbili, bonyeza kwa ukucha mpaka mkunjo ulale. Sasa una bomba bapa. Libane katikati, tia nusu ya chai upande huu na nusu upande ule, kisha lipinde ili midomo yote miwili ikutane juu. Kunja pembe mbili za juu kuelekea ndani, shusha ncha iliyobaki, pitisha sindano yenye uzi wa pamba na ufunge fundo. Umepata kifuko cha vyumba viwili, na maji yanapita hadi katikati, kwa hiyo ile hofu ya Ungo inapungua. Adolf Rambold wa kampuni ya Teekanne ya Ujerumani ndiye aliyetengeneza mashine ya kukunja kifuko cha vyumba viwili, mwaka 1949.

Pini za stepla usitumie. Za ofisini zimepakwa zinki na zimeshikanishwa kwa gundi.

JaniRefu
Na pasi je? Nimeona watu wanaziba mdomo wa kifuko kwa pasi ya nguo.

Mkunjo
Karatasi ya kahawa haishiki kwa pasi. Ni nyuzi za mti tupu, hakuna cha kuyeyuka. Karatasi inayozibika kwa joto imechanganywa na plastiki, mara nyingi polipropilini. Kama lengo lako ni kuikwepa plastiki, basi kifuko kinachoshika kwa pasi hakikufai.

Chekeche
Hapo pa plastiki niongeze, kwa sababu ndipo wavu unapoanguka. Vile vinavyong'aa vingi ni nailoni au PET, plastiki ya chupa za maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitoa utafiti mwaka 2019: waliondoa majani kwenye vifuko vya aina hiyo, wakavitia kwenye maji ya nyuzi 95, na kifuko kimoja kikaachia chembe ndogo za plastiki zipatazo bilioni 11.6 na nyingine ndogo zaidi bilioni 3.1. Walihesabu chembe, hawakupima madhara kwa binadamu, kwa hiyo sisemi zaidi ya walichokiona. Mimi hicho kilinitosha.

Kuna wavu wa PLA, plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Wanausifu kuwa unaoza. Unaoza kwenye mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 58 hivi, si kwenye lundo la nyuma ya nyumba. Nasikitika kuona watu wanauzika bustanini kwa nia njema na miezi baadaye bado upo.

Usidanganywe na mwonekano. Kata kipande kidogo cha kifuko ulicho nacho, kishike kwa kibanio juu ya sahani, kichome. Karatasi inawaka na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Plastiki inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Jaribu hata na vifuko vitupu vilivyoandikwa karatasi, kwa sababu baadhi vina mchanganyiko.

Birikani
Wadau, mbona hakuna aliyetaja kikapu cha chuma kisichoshika kutu? Jani linapata nafasi kikombe kizima, hakuna karatasi, hakuna kushona. Nazungumzia kikapu kirefu cha kukaa ndani ya kikombe, si ile tufe ndogo ya kubana. Tufe ina tatizo lilelile la kifuko kidogo.

JaniRefu
Mkuu Birikani, nyumbani naungana nawe moja kwa moja. Kazini machicha ndiyo kikwazo: kikapu lazima ukigonge na kukisuuza mahali, na mimi hapo mahali sina. Kifuko nakitupa kizima.

Kopo
Basi mkuu, kwa maelezo hayo jibu lako ni kifuko kitupu cha karatasi kisicho na plastiki, saizi kubwa, ile ya birika na si ya kikombe. Unatia chai, unakunja mdomo, unaning'iniza mkia ukingoni mwa kikombe. Cha Mkunjo ni kizuri kwa asiyevipata hivyo.

Mimi nasisitiza mizani. Kijiko kimoja cha chai ya chembe ni kizito kuliko kijiko kilekile cha majani marefu, kwa hiyo ukipima kwa kijiko, ukibadilisha chai kipimo kinakupotea. Kikombe cha mililita 200 anza na gramu 2 hadi 3. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3103 kinataka gramu 2 kwa kila mililita 100, dakika 6, lakini hicho ni cha waonjaji wanaotafuta kasoro, ni kikali kwa kunywa.

Usijaze vifuko vya mwezi mzima. Kopo linalobana, mbali na mwanga, na chai tu ndani yake. Chai inanyonya harufu; ndivyo chai ya yasmini inavyopatikana, majani yanalazwa pamoja na maua mpaka yachukue manukato. Sasa fikiria ukiviweka droo moja na sabuni ya mikono.

Na kama siku nyingine utabeba ya kijani, birika la umeme likichemka liache kwanza. Ya kijani inataka nyuzi 70 hadi 80, ikizidi hapo inakuwa chungu.

JaniRefu
Wakuu nimechoma vifuko vitupu nilivyokuwa navyo kabatini, aina mbili. Kimoja kimeacha jivu tupu. Cha pili, kilichoandikwa karatasi asilia, kimejikunja na kuacha kidonge. Hicho cha pili nimekitoa. Hivi sasa mizani ipo mezani, napima gramu mbili na nusu kila kimoja. Mkunjo, cha vyumba viwili nitakijaribu Jumamosi, nitaleta picha.