Iskandaria: wewe ulikwenda msimu gani? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada:
Wadau, salaam. Nataka kumpeleka mama yangu Iskandaria, na magoti yake hayawezi msukumano. Mimi nilikwenda Agosti, na sitaki yeye auone mji nilivyouona mimi. Kairo nzima ilikuwa imehamia pale kukimbia joto. Ufukweni miavuli imebanana, kuvuka Corniche, barabara ya kando ya bahari, ni kazi, na bei ya chumba inaniuma hadi leo. Bahari ilikuwa tamu, siibishii, ila jasho lake ni lile la Dar mwezi wa Februari. Mliokwenda miezi mingine, nisaidieni.

Mdau wa Mombasa:
Mpeleke mama Oktoba. Mimi nilifika wiki ya pili, watoto wamesharudi shule, na bahari bado ina joto la kiangazi kizima. Asubuhi nilikaa peke yangu juu ya ngome ya Qaitbay. Sultani Qaitbay alianza kuijenga 1477, palepale uliposimama mnara wa taa wa Pharos. Sisi tuliokulia karibu na Fort Jesus tunajua kukaa na ukuta wa namna ile bila haraka. Jioni nilitembea hadi Anfushi wanakounda vyombo vya mbao. Mbavu za mashua ziko wazi, fundi anagonga msumari, harufu ya rangi imetanda. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Nilisimama pale mpaka giza likaingia.

Mdau aliyesoma Azhar:
Mimi niliipenda zaidi wakati wa baridi. Tulikuwa tukipanda treni Kairo, safari ya kama saa tatu hivi, unashuka stesheni ya Sidi Gaber. Januari mchana ni nyuzi 18 hivi, koti linatosha. Shughuli ni mvua. Tufani za kule huitwa nawwa, na kila moja ina jina na majira yake, kama wazee wetu wanavyohesabu kaskazi na kusi. Maknasa, yaani ufagio, huja Novemba. Qasim ni Desemba. Ikipiga nawwa, wavuvi hawatoki. Siku moja ilitukuta barabarani: wimbi linaruka ukuta wa Corniche na kumwagikia teksi. Tukajibanza kwenye kibanda tukinywa hummus ya Sham, dengu za moto kwenye glasi, na pilipili na ndimu. Kesho yake anga jeupe, mji umeoshwa, nasi tukashinda Maktaba ya Iskandaria, ile mpya iliyofunguliwa 2002. Lakini kwa mama mwenye magoti, barabara zikijaa maji ni mateso. Usimpeleke.

Mdau wa Unguja:
Aprili nayo muiangalie. Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri kabisa, ya tatu ukaja khamsini, upepo wa jangwani. Mbingu ikawa ya manjano, nilifunga madirisha na bado nikafuta mchanga mezani. Tena ukiangukia sikukuu ya Sham el-Nessim, Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakopti, Wakristo wa Misri, kila bustani na ufukwe hupati pa kukaa. Mei mwanzoni kulitulia, kabla Wamisri hawajaanza likizo.

Mwanzisha mada:
Ahsanteni sana. Basi ni Oktoba, wiki za mwanzo, kabla ya huyo Maknasa. Mdau wa Mombasa, ulilala mtaa gani? Natafuta chumba upande wa Raml chenye lifti inayofanya kazi kweli, na dirisha mama aione bahari akiwa amekaa.